Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kaburi lililochorwa, Luxor: someni tathmini kabla ya kugusa ukuta

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Mradi,
Ukingo wa Magharibi wa Mto Nile, Luxor, Misri.

YAH: KUSIMAMISHA USAFISHAJI WA KUTA MPAKA RIPOTI YA TATHMINI ISOMWE

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum, na heshima zenu zote zikiwa mahali pake.

Nimekwisha kuwaandikia barua tatu. Mbili kwa Kiarabu, moja kwa Kiingereza. Ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili nilijibiwa kwamba imepelekwa panapohusika. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Hii ya nne naiandika hadharani na kwa Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo, ili angalau isomwe na watu wa kwetu wanaosafiri mpaka Luxor kuyaona makaburi haya, na vijana wa kwetu wanaosoma Misri, na mafundi wenzangu wa nyumbani wanaoijua chumvi ya ukutani kuliko mtu yeyote. Huenda mmoja wao akawafikia mahali ambapo mimi sikufika.

Sitaitaja ofisi yenu, wala sitaitaja namba ya kaburi. Mnajijua, na kaburi mnalijua. Sitaki vibarua wa kijijini wanaolipwa kwa siku wapoteze riziki kwa sababu ya barua yangu, na sitaki mwizi ajue ni ukuta upi umelegea.

Mimi ni mhifadhi wa michoro ya ukutani, mzaliwa wa Unguja. Msimu uliopita nilikuwa mmoja wa watu wanne, Wamisri wawili na wageni wawili, mliotuajiri kulikagua kaburi hilo la ofisa wa nasaba ya 18: tuseme lina hali gani, lina maradhi gani, na lishikwe wapi kwanza. Tulikaa ndani yake wiki sita. Aprili tukakabidhi ripoti. Oktoba nilirudi Luxor kwa kazi nyingine, nikapita kuwasalimia walinzi, nikakuta ndani watu wanasugua kuta kwa sponji zilizolowa maji.

Ami mlinzi, yule yule aliyekuwa akitupikia chai, alikuwa amesimama nje na kioo chake, anarudisha jua ndani ya kaburi kama alivyokuwa akitufanyia sisi. Mwanga ule ukanionesha maji yakiteremka ukutani, yana rangi ya waridi. Wekundu ule ulikuwa ngozi ya mtu aliyechorwa miaka kama 3,400 iliyopita. Unashuka unaingia kwenye ndoo.

Kabla sijaorodhesha malalamiko yangu, niruhusuni nieleze tulichokuwa tukikifanya wiki sita zile, maana nimeambiwa kwamba ofisini kwenu imesemwa "walikuwa wanapiga picha tu".

Asubuhi tulikuwa tukizima taa zote, tunailaza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga upite juu ya rangi kama jua la magharibi linavyopita juu ya mchanga wakati bahari imetoka. Hapo kila kilichovimba hutoa kivuli. Unaona malengelenge madogo kama punje za mtama, unaona magamba ya rangi yaliyokunja kingo zake, unaona pande zima la lipu lililotoka nje unene wa kidole huku kwa mwanga wa mbele lilionekana limelala sawasawa. Kisha tunagonga. Kwa ncha ya kidole, polepole, kila baada ya inchi mbili, kama mtu anavyogonga fenesi sokoni kusikiliza kama limeiva. Lipu iliyoshika mwamba hujibu kwa sauti kavu, fupi. Iliyoachana na mwamba hujibu kwa sauti nzito yenye uwazi ndani yake. Mwenzangu alikuwa anagonga, mimi nachora juu ya karatasi ya plastiki iliyolazwa juu ya picha: bluu kwa uwazi, nyekundu kwa magamba, kijani kwa chumvi, nyeusi kwa masizi. Ukuta wa magharibi ulipokwisha, karatasi yake ilikuwa karibu yote bluu.

Katika kazi hiyo ndipo nilipomwona bata. Yuko kwenye ukuta huo huo wa magharibi, amebebwa na msichana, bawa moja limefunguka. Nilimsogelea kwa kioo cha kukuza mpaka pua yangu ikakaribia kugusa, nikaona ndani ya wekundu wa bawa umelala unywele mmoja wa brashi. Fundi wa zamani ulimtoka, hakuuona, au aliuona akauacha. Karatasi yangu ya siku ile ina alama ndogo pale, na maneno "unywele, usiguswe". Sikuhitajika kuyaandika. Niliandika kwa sababu nilijua atakuja mtu baada yangu.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Tathmini mliyoilipia hamkuisoma.

Sisemi hivi kwa kudhani. Ripoti ilisema ukuta wa kaskazini, wenye masizi ya moto wa watu waliowahi kuishi mle ndani, usisafishwe mpaka zifanyike majaribio madogo kwenye kona isiyo na mchoro. Ndio ukuta wa kwanza mlioanza nao. Ripoti ilisema ukuta wa magharibi ushikizwe kwanza, kwa sababu lipu yake iko karibu kuanguka. Ndio ukuta ambao hamkuugusa kabisa, na sasa wapita njia wanabeba ngazi za chuma mbele yake.

Tathmini nzuri mara nyingi kazi yake kubwa ni kumzuia mtu. Mnalikumbuka kaburi la farao Tutankhamun. Kuta zake zina madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi watu waliogopa kwamba ni ukungu unaokua kwa pumzi za wageni. Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani na wataalamu wa Misri walipoanza mradi wao mwaka 2009 hawakuanza kwa kufuta. Walichukua picha za miaka ya 1920 za Harry Burton, mpiga picha wa waliolifukua kaburi lile, wakalinganisha doa kwa doa, wakaona hayajakua. Walipopima maabara wakakuta ni viumbe vidogo vilivyokwisha kufa. Tena wakaona madoa yameingia ndani ya rangi yenyewe, hivyo mwenye kuyatoa atatoa na mchoro. Wakayaacha. Mgeni akiingia leo anayaona madoa yale, na anauona na mchoro. Angekuja mtu na sponji mwaka ule wa 2009, leo tusingekuwa na kimoja.

2. Maji.

Hili ndilo linaloninyima usingizi, nami nitalirefusha.

Michoro ya makaburi haya haikupakwa juu ya chokaa mbichi kama ile ya makanisa ya Italia, ambako chokaa yenyewe ikikauka huishika rangi. Hapa mwamba ulisawazishwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, ukapakwa lipu laini juu, ikaachwa ikauka, ndipo mchoraji akaja na rangi iliyokorogwa kwa gundi. Katika kaburi la Malkia Nefertari gundi iliyopatikana ilikuwa ya mgunga, ile ile ambayo bibi zetu walikuwa wakiinunua kwa wauza dawa. Mgunga unayeyuka kwa maji. Mtoto wa shule anajua. Anayepitisha sponji mbichi juu ya rangi ile hasafishi vumbi. Anaurudisha mchoro kwenye kikombe cha mchoraji.

Na maji hayaishii kwenye rangi. Mwamba wa ukingo wa magharibi una chumvi ndani yake, ya kawaida kabisa, ya kupikia. Ikiwa kavu imelala. Ikipata unyevu inayeyuka, inatembea, na unyevu ukikauka inaganda tena pale ilipofikia. Mara nyingi inagandia nyuma ya lipu, na chembe zake zikikua zinaisukuma lipu itoke nje. Hivyo ndivyo lilivyougua kaburi la Nefertari, lililogunduliwa na Mwitaliano Ernesto Schiaparelli mwaka 1904 likiwa na mita za mraba zipatazo 520 za michoro. Chumvi ilikuwa imepangua mapande mazima. Sasa nanyi mnaimwagia chumvi ile maji kwa ndoo, mkiwa mnaita kusafisha.

Kaburi la Nefertari lilitibiwaje? Mwaka 1986 walianza kwa uchunguzi: mwamba, chumvi, rangi, unyevu wa hewa, hali ya kila ukuta. Mwaka 1987 wakashikiza kwa dharura sehemu zilizokuwa zikianguka, kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani zaidi ya 10,000. Matibabu yenyewe yakaanza mwaka 1988, chini ya wahifadhi wa Kiitaliano Paolo na Laura Mora pamoja na mafundi wa Kimisri, yakamalizika 1992. Halafu hawakufungua mlango siku ya pili yake. Walikaa wanapima unyevu, na wageni wakaruhusiwa Novemba 1995, watu 150 tu kwa siku. Miaka tisa tangu karatasi ya kwanza ya uchunguzi. Siwaombi miaka tisa. Nawaomba msome kurasa 60.

3. Saruji mlangoni.

Tuliandika kwamba kiraka cha zamani cha saruji upande wa kulia wa mlango kitolewe taratibu kwa patasi ndogo, kwa sababu saruji huleta chumvi zake yenyewe, ni ngumu kuliko mwamba, na huziba njia ya unyevu kutoka. Unyevu ukikosa kutokea pale hutokea pembeni, penye mchoro. Nimekuta kiraka kimeongezwa kimoja kikubwa zaidi, upande wa kushoto.

Hili sikulisoma kitabuni. Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu mwema akaja akaipiga lipu ya saruji chumba cha chini, ikang'aa, akasifiwa mtaa mzima. Baada ya masika mawili tulikuwa tukiamka tunakuta unga mweupe chini ya kitanda. Tulikuwa watoto, tukauonja. Chumvi. Bibi akaufagia kila asubuhi, mpaka siku saruji ilipoanguka nayo ikaondoka na chokaa ya zamani iliyokuwa imekaa pale tangu kabla hajazaliwa. Kwa hiyo nilipokiona kiraka chenu kipya nilijua kitakachofuata, na kwenu hakitaondoka na chokaa tupu.

4. Taa na wageni.

Taa za joto mlizofunga ziko karibu mno na dari, na mmetangaza siku ya kufungua bila kusema wataingia watu wangapi kwa siku. Kila mtu anaingia na pumzi yake na jasho lake. Vipima unyevu vyetu vitatu vilionesha jinsi hewa ya mle ndani inavyobadilika hata tukiwa watu wanne tu. Vipima vyenyewe nimeambiwa vimetolewa kwa sababu "vinaharibu mandhari".

5. Ufa wa dari.

Tulibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya ufa wa dari ili mwamba ukisogea kioo kikatike, tujue. Kimoja kimekatika. Walinzi wamenionesha. Hakuna aliyeandika ni siku gani.

Najua mtakayojibu, maana mengine nimekwisha kuyasikia mdomoni mwa watu wenu.

Mtasema fedha hakuna, na kaburi lililofungwa halilipi mishahara. Nakubali kwamba mji ule unakula kwa wageni. Wenye farasi, wenye mashua, wauza sanamu, na ami mlinzi mwenyewe. Lakini fedha za tathmini zilikwisha kutoka. Kuisoma ni bure. Na kuna makaburi yaliyopatiwa njia nyingine: tangu 2014 karibu na nyumba ya Howard Carter, aliyeligundua kaburi la Tutankhamun, upo mfano kamili wa chumba cha Tutankhamun, na mgeni anakaa ndani yake atakavyo bila kulidhuru kaburi lenyewe.

Mtasema limedumu miaka 3,400, halitakufa kwa msimu mmoja. Limedumu kwa sababu lilikuwa kavu na limeachwa. Mchoraji wa Kiingereza, Bibi Nina Davies, alinakili michoro ya makaburi ya Thebes, yaani Luxor ya kale, mapema karne ya 20, kwa mkono, rangi kwa rangi, na yako makaburi ambayo leo ukisimama na nakala yake mkononi unaona kwenye karatasi vitu visivyoonekana tena ukutani. Hiyo ni miaka mia, haifiki elfu. Na msitegemee ukavu wa Luxor: mvua za 1994 ziliingiza maji na matope mpaka ndani ya Bonde la Wafalme.

Mtasema zipo picha za kompyuta za kuta zote, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Picha zile nilisaidia kuzipiga. Hazina sauti. Haziwezi kukwambia wapi lipu imeachana na mwamba. Na mchoro ukishaachana na ukuta wake, hata ukibaki mzima, umepungua. Mabaki ya michoro ya kaburi la Nebamun, ofisa wa Misri ya kale, yako London, yamepangwa vizuri, yanapendwa na dunia nzima. Yalikatwa ukutani karibu mwaka 1820, na kaburi lenyewe hakuna anayejua leo liko wapi hasa.

Na wapo wanaosema, huyu si Mmisri, anaingilia la nani? Ni kweli, mimi ni mgeni. Kazi hii nimefundishwa na Wamisri. Fundi aliyenifundisha kugonga lipu ni mzee wa Qurna, kijiji cha pale kwenye makaburi, ambaye hakusoma chuo chochote, na aliposikia habari ya sponji alikaa chini kwenye jiwe, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama bata yupo. Ndilo swali alilouliza. Nami ndilo lililonirudisha mezani kuandika mara ya nne.

Ninayoomba ni haya. Usafishaji wa maji usimame leo, usisubiri kikao. Ngazi na mizigo isipite tena mbele ya ukuta wa magharibi. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana aisome ripoti, akae ndani ya kaburi na mmoja wetu wanne, yeyote mnayemtaka, ukuta kwa ukuta, na karatasi zetu mkononi. Vipima unyevu na vioo vya ufa virudishwe na visomwe mwaka mzima, joto na baridi, kabla ya kutangaza siku nyingine ya kufungua. Idadi ya wageni itokane na vipimo hivyo. Kiraka kipya cha saruji kitolewe na mhifadhi, asikitoe mwashi. Na ami mlinzi afundishwe kusoma vipima hivyo na alipwe kwa kazi hiyo, kwa sababu ndiye pekee anayeliona kaburi kila siku, na ndiye aliyeniita nije kutazama kioo kilichokatika.

Kama kuna jambo katika ripoti mnaloliona si sahihi, liandikeni nami nitalijibu hapa hapa hadharani. Tukiwa tumekosea nitakiri.

Kuna moja ambalo haliwezi kungoja majibu. Ukutani magharibi, kuanzia usawa wa goti mpaka kifuani, nilibandika vipande 23 vya karatasi ya Kijapani ili kuzuia rangi isidondoke mpaka matibabu yaanze. Kwa mtu asiyejua vinaonekana kama uchafu. Tafadhali waambieni mafundi wenu wasivibandue vikiwa vikavu. Vinatolewa kwa dawa yake, kimoja kimoja, na huku kuna mtu nyuma mwenye sindano, tayari kuingiza gundi. Cha tatu kutoka kushoto ndicho kilichofunika bawa la bata. Nyuma ya bawa lile hakuna lipu iliyoshika, kuna uwazi mtupu. Kwa sasa linashikiliwa na karatasi ile peke yake.

Wenu katika kazi,

Mhifadhi wa michoro ya ukutani,
mzaliwa wa Unguja